Herufi ya Wiki na Mgeni wa Kaunsili

Mimi nilijifunza kusoma kwa bakora, nimekaa mkekani, msahafu mmoja watoto watatu. Kwa hiyo sina haki ya kumcheka mtu anayefundisha herufi kwa pamba na gundi. Nitamcheka hivyo hivyo, maana mtu mwenyewe ni mimi.

Yote yalianzia kwenye simu. Kuna mwanamke mtandaoni anayewasomesha wanawe watano nyumbani, na meza yake ni nyeupe, haijui tone la mchuzi. Watoto wake hawana kamasi. Huvaa kitani, hutembea pekupeku, na wakimaliza kupaka rangi huosha brashi wenyewe bila kupigiwa kelele. Nilimtazama siku nne mfululizo, nikaamini kabisa kwamba kinachonitenga na maisha yale ni furushi la masomo analouza. Nikalinunua. Wiki ishirini na sita, kila wiki herufi moja, na kila herufi ina mnyama wake, wimbo wake, chakula chake na kazi yake ya mikono. Kulichapisha tu kulimaliza wino wote wa printa ya mume wangu, na yeye ni mtu wa tramu, huendesha tramu Croydon, printa ile aliinunua kwa mambo ya maana.

Mama yangu, ambaye tunakaa naye Thornton Heath, kusini mwa London, tangu baba alipofariki, aliyashika makaratasi yale kwa ncha za vidole.

"Wiki nzima herufi moja?" aliuliza. "Kwani herufi yenyewe ina ugonjwa gani?"

Nilimwambia hivi ndivyo wanavyosomesha siku hizi, mtoto anafurahi huku anajifunza. Akasema yeye alimaliza alifu mpaka yee katika mfungo mmoja, na furaha akaikuta mbele ya safari.

Sasa niseme kwa nini nilifika huko. Binti yangu wa pekee, ambaye mwezi wa pili ule alikuwa ametimiza miaka mitano, alikaa skuli tangu Septemba mpaka Pasaka bila kutoa neno. Hakulia. Hakugoma. Alikaa tu, mikono magotini, anamtazama mwalimu. Nyumbani mtoto huyo ana mdomo wa cherehani, anaanza akifungua macho na haachi mpaka achukuliwe na usingizi. Sisi tunamsemesha Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili, lakini kujibu anajibu. Basi siku moja mwalimu wake akaniita pembeni, akainamisha kichwa kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, akaniuliza, "Does she talk, at home?"

Je, nyumbani anasema! Nilimwambia anasema mpaka namwomba Mungu. Akatikisa kichwa kwa huruma, hakuniamini. Wakasema pengine mtoto ana tatizo. Pengine lugha mbili zinamchanganya. Pengine Kiswahili tukipunguze kidogo. Tukipunguze! Kana kwamba ni chumvi. Nilirudi nyumbani, nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba mtoto nitamsomesha mwenyewe, na kila sala nikawa nawaombea watu wale dua ambayo sitaiandika hapa.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mtu mzima mwenye cheti cha uhasibu, natambaa sakafuni nabandika sisimizi. Wiki ya A ilikuwa ya sisimizi, kwa kuwa kwa Kiingereza jina lao linaanzia hapo. Tulikata sisimizi thelathini wa karatasi nyeusi, tukawapanga kutoka mlangoni mpaka jikoni. Mama aliamka alfajiri bila miwani, akawaua sita kwa kandambili. Wiki ya C tulitengeneza kiwavi kwa trei za mayai, na kwa kuwa trei zilihitajika nyingi tulikula mayai mpaka mume wangu akauliza kama kuna herufi ya nyama. Wiki ya I tulijenga nyumba ya barafu kwa vipande vya sukari. Tulihangaika siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta mama na kikombe chake, ameshaubomoa ukuta mmoja.

"Sukari yenu haina nguvu," alisema, akatia kipande kingine.

Jambo ambalo sikutaka kulikubali ni kwamba mtoto alikuwa hahitaji hata moja katika hayo. Wiki ya D tulikuwa tunapita barabara ya maduka, mimi nimebeba manyoya ya bata, maana wiki ile ilikuwa ya bata, na binti yangu akaanza kusoma. Alisoma duka la nywele za bandia. Alisoma kuku halali. Alisoma tangazo la duka linalofungwa, lililosema kila kitu lazima kiende, akaniuliza kinakwenda wapi. Herufi zote alikuwa nazo kichwani, sijui alizipata lini. Mwenye akili angelifunga furushi siku ile ile. Mimi nilikuwa nimeshakata masikio ya tembo wa wiki ya E, nikaona haya kuyatupa.

Barua ya kaunsili iliingia wiki ya H. Ilikuwa na adabu nyingi, na ndiyo maana nikaiogopa. Ilisema afisa wao wa elimu ya nyumbani angependa kututembelea Alhamisi moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, aone namna mtoto anavyojifunza. Chini kabisa, kwa sentensi moja, ilisema kwamba wasiporidhika wanaweza kuniamuru nimrudishe skuli. Nilisoma nimesimama mlangoni, bahasha imeanguka. Nilichoona mbele yangu ni mwanangu amerudishwa kwenye kile kiti, mikono magotini, na safari hii ana faili. Hapa London faili likishafunguliwa halifungwi. Litamfuata mpaka sekondari likisema mtoto huyu hasemi.

Mume wangu akashauri tuwajibu kwa barua tu, tuwapelekee na picha za kazi zake, maana alisoma mahali kwamba kuja nyumbani si lazima. Lilikuwa shauri zuri. Mimi na mama tulimtazama kwa mshangao. Mtu amesema anakuja kwako, utamwambiaje asije?

Hapo ndipo tulipoharibu. Ile barua ilisema mkaguzi, lakini sisi tulisikia mgeni. Na mgeni tunajua anavyopokewa.

Siku tatu kabla, mama alitangaza kwamba nyumba ni chafu. Pazia zikashushwa zikafuliwa. Zulia la wageni likatolewa nailoni. Vile vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kuvinywea, vikashuka kabatini. Nikatumwa Kingsbury, upande wa pili wa mji, kufuata chevda, ule mchanganyiko wa pilipili wa kutafuna, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa ajili ya mwanamke anayekuja kuulizia herufi. Na Jumatano jioni mama akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akazitazama kuta. Sisimizi walionusurika. Kiwavi. Tembo. Wiki kumi na moja za kazi ya mtoto wangu, zimening'inia kila mahali.

"Mgeni anakuja kesho," alisema, "na nyumba yako imejaa trei za mayai."

Naapa sikufikiri mara mbili. Niliona alichokiona yeye: fujo. Nikavua kuta zote. Nikaviingiza vitu vyote katika mifuko myeusi miwili, nikaifunga vizuri, nikaiweka ukumbini nyuma ya mlango nikikusudia kuificha chini ya ngazi. Asubuhi mama alipokuta mifuko myeusi miwili mlangoni, siku ambayo gari la taka linapita, alifanya ambacho mtu yeyote angefanya.

Mtoto naye tulimtengeneza. Gauni la Idi, lile lenye lesi ya kuwasha shingo. Mafuta kichwani, nywele mikia miwili. Nikamkalisha nikamkumbusha yale ninayomkumbusha kila tukitembelewa, tangu ana miaka miwili. "Mgeni akiingia mpe mkono, msalimie, ukae hapa. Wakubwa wakizungumza usiwadakie. Ngoja wamalize."

"Okay, Mama," alisema, na kweli akakaa, akaweka mikono magotini.

Saa nne kamili kengele ikalia. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye koti la mvua na kitambulisho shingoni, na viatu alivivua mwenyewe bila kuambiwa. Mama alimpenda hapo hapo. Alikuwa ameshafukiza udi, na sebule ilikuwa na moshi wa kutosha harusi ndogo. Afisa akakohoa, akasifu harufu, akakaa kwenye kochi. Kabla hajafungua daftari tayari ana kikombe mkono wa kulia na sahani mkono wa kushoto: katlesi tatu, sambusa, keki, chevda. Alisema ameshakula nyumbani kwake. Mama, ambaye alisafisha maofisi ya Croydon miaka thelathini na Kiingereza anakijua anapotaka, siku ile hakukijua. Akamuongeza katlesi.

Afisa akamgeukia binti yangu, akatabasamu vizuri tu. "Na wewe, unajifunza herufi gani wiki hii?"

Mtoto akanitazama. Na mimi, kama ilivyo desturi mtoto akiulizwa na mkubwa, nikamjibia. "K," nikasema. "Wiki hii tuna K. Tunatengeneza kishada."

"Ah, vizuri. Na unapenda hadithi?"

"Mwambie anapenda," mama akaniambia kwa Kiswahili, "mwambie kila siku anataka ya sungura." Nikamfasiria. Mama akaona mgeni anavutiwa, akaanza kuisimulia ya sungura yenyewe, nami nikafasiri mpaka mwisho. Afisa akacheka panapostahili. Kisha nikaona nieleze habari za furushi, na mwanamke wa mtandaoni, na bata, na nikaeleza kwa kirefu, maana nilikuwa na hofu na mimi nikiogopa nasema. Dakika arobaini zilipita hivyo. Katika dakika arobaini zile tulizungumza watu wazima watatu, na mtu ambaye kikao kilikuwa chake alikaa na lesi yake inamuwasha, hakusogea.

"Ningependa kuona baadhi ya kazi zake," afisa akasema mwishowe.

Nikainuka kwa fahari kwenda ukumbini, nyuma ya mlango nilikoiacha mifuko. Hapana kitu. Nikamtazama mama, mama akatazama dirishani, na nje palikuwa na pipa tupu limelala ubavu. Nilirudi nikasimama katikati ya sebule safi kuliko zote Thornton Heath, kuta nyeupe, hakuna penseli, hakuna kitabu, hakuna alama hata moja kwamba mtoto anaishi humo. Nikasema kazi zimechukuliwa na gari la taka. Hata mimi ningejisikia nasema uongo.

Afisa akaandika kitu. Halafu akafunga daftari taratibu, akaniuliza kwa upole ule ule wa skuli, karibu kwa maneno yale yale, kama mtoto nyumbani huwa anasema.

Nilitamani sakafu inimeze na zulia lake la wageni. Nikamwambia anasema, Wallahi anasema, na nikaeleza anavyosema kwa dakika kumi nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ningefurahi sana kumsikia," alisema. Akanieleza kwamba kwa aliyoyaona leo hawezi kuandika kwamba mtoto anajifunza, kwamba atalazimika kuyapeleka mbele, na kwamba anasikitika. Mama akamfungia katlesi nne kwenye karatasi ya fedha. Mlango ukafungwa.

Kitasa hakijamaliza hata kulia, mtoto akaanza. "Mama, kitambulisho chake kimegeuka, kilikuwa kichwa chini, but I can read it upside down, na soksi yake moja ina bata na moja haina, na Bibi ameisahau ile sehemu ya simba, sungura hakukimbia, alijificha, na kwenye begi lake imeandikwa jina la maktaba, ile maktaba yetu, can I take this off now?"

Nilimshika mabega. Sikumshika vizuri; nilikuwa na hasira. "Kwa nini hukusema? Kwa nini hukusema pale? Kakuuliza mwenyewe!"

Akashangaa. Alinitazama kama mtu anayekaripiwa kwa kutii. "You said wait," alisema. "Ngoja wamalize. But they don't finish, Mama. Hawamalizi."

Nikauliza lile swali ambalo miezi ile yote sikuwahi kumuuliza yeye, nilikuwa nawauliza walimu tu.

"Na skuli?"

"Miss talks and talks," alisema, huku akijikuna shingo. "Halafu ni home time."

Nilikaa kwenye kochi, pale pale alipokuwa amekaa mgeni. Kwa Kiswahili chetu kitukufu ambacho nilikuwa nakitetea, kwa adabu yetu ambayo nilikuwa nawacheka wenzetu hawana, nilikuwa nimemfunga mtoto mdomo, kisha nikaenda kugombana na watu kwamba wao ndio waliomfunga. Mwalimu yule niliyemuombea dua mbaya alikuwa ameuliza swali la haki. Niliona haya, haya ya kweli.

Mama alikuwa anakusanya vikombe. "Mtoto ana adabu huyo," alisema kwa kuridhika. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Weye ulikuwa hivyo hivyo. Ulifika darasa la tatu, mwalimu hajaijua sauti yako. Nilijisifu mtaa mzima."

Hilo nalo lilinichoma, lakini sikuwa na nafasi ya kulishughulikia. Nilimnyanyua mtoto na gauni lake la Idi, nikatoka na kandambili na kanga ya nyumbani, mvua inanyesha, tukakimbia mpaka kituo cha basi. Afisa alikuwa bado yupo, amesimama chini ya kipaa, anakula katlesi. Nilianza kueleza. Nikaeleza habari ya kungoja wakubwa, na habari ya skuli, na kwamba kosa si la skuli, kosa ni langu, na katikati ya kueleza nikaona binti yangu amesimama baina yetu, mikono imekutana mbele, anangoja.

Nikanyamaza. Nilimwomba afisa kwa ishara naye anyamaze. Akameza alichokuwa anatafuna.

Sijui kama mmewahi kujaribu kunyamaza mbele ya mtoto bila kumuuliza chochote. Ni kazi nzito. Meno yanawasha. Magari yalipita, mvua ilipiga paa la kituo, na mtoto alimtazama afisa, akanitazama mimi, akarudi kwa afisa, akihakikisha. Alitaka kuwa na yakini kwamba tumemaliza kweli. Nilikaribia mara mbili kumwambia haya sema, nikajiuma mdomo.

Kisha akanyoosha mkono, akakigeuza kile kitambulisho upande wa sawa, akamsomea afisa jina lake.

Baada ya hapo alisoma ratiba ya basi. Alisoma tangazo la meno ya bandia. Aliieleza ya sungura upya, ile sahihi, na akaeleza kwamba herufi K haina kazi nyingi, wiki nzima ni nyingi mno kwake. Basi lilikuja, dereva akafungua mlango, afisa akampungia mkono aende. Daftari lililowa, akaendelea kuandika.

Ripoti ilikuja kwa posta wiki mbili baadaye. Naruhusiwa kuendelea. Nilishinda kesi niliyokuwa naiogopa, na niliposhinda sikuwa tena na sababu ya kuwa nayo. Septemba nilimrudisha skuli, skuli ile ile, na gauni la Idi tukaliacha nyumbani.

Darasa lilikuwa na mwalimu mpya, msichana mdogo mwenye uso wa bashasha, na siku ya kwanza mlangoni alianza kunieleza mipango yake yote ya mwaka. Nilimngoja amalize, ndivyo nilivyolelewa. Kisha nikamwomba jambo moja. Kila asubuhi, nilimwambia, mwendee mwanangu, mtazame, halafu nyamaza. Usimuulize kitu. Nyamaza tu mpaka aamini kwamba umemaliza.

Akaniuliza itamchukua muda gani.

"Sijui," nikamwambia. "Mimi ilinichukua miaka mitano."